Konokono wa Ujiji na swali la mzee wa Kibirizi

Tarehe 13 Februari 1858, juu ya kilima kimoja mashariki ya Ujiji, Richard Burton aliona mstari unaong'aa kule chini akauliza ni kitu gani. Sidi Mubarak Bombay akamjibu kwamba, kwa maoni yake, yale ni maji. Msafara ulikuwa umetoka pwani mwaka uliotangulia, ukapumzika Kazeh, ambako leo ni Tabora, ukafika huku umechakaa. Burton miguu ilikuwa imemgoma hadi akawa anabebwa na wapagazi. Mwenzake, John Hanning Speke, macho yalikuwa yamemharibika kiasi kwamba ziwa lenyewe alilolifuata miezi yote hiyo, Tanganyika, aliliona kama ukungu.

Mwezi huohuo, mbali sana mashariki, katika kisiwa cha karafuu cha Ternate ambacho leo kimo Indonesia, Alfred Russel Wallace alikuwa amelala na homa, mara anatetemeka kwa baridi, mara jasho linamtiririka. Mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa zaidi. Katikati ya homa hiyo akakumbuka hoja aliyoisoma zamani kwa Thomas Malthus, kwamba watu huzaana kuliko chakula kinavyoongezeka, na papo hapo akapata jibu la swali lililomkera kwa miaka: viumbe hubadilikaje? Akaandika kwa siku chache, akamtumia Charles Darwin kule Uingereza. Darwin, ambaye alikuwa na jibu lilelile amelifungia kwa takriban miaka ishirini, karibu azimie. Tarehe 1 Julai 1858 maandishi ya wote wawili yakasomwa London mbele ya Chama cha Linnaeus, chama cha wasomi wa viumbe. Hakuna hata mmoja wao aliyehudhuria: Wallace alikuwa bado visiwani, na Darwin alikuwa amefiwa na mtoto siku tatu kabla. Mwenyekiti wa chama, Thomas Bell, alipotoa hotuba ya mwaka uliofuata alisikitika kwamba mwaka uliopita haukuwa na ugunduzi wowote wa kutikisa sayansi. Huyo bwana namhurumia kila nikimkumbuka.

Speke naye, pamoja na macho yake mabovu, aliokota magamba ya konokono ufukweni akaondoka nayo. Mwaka 1859 Samuel Woodward akayaeleza kitaalamu huko London. Novemba ya mwaka huohuo kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi kikatoka, nakala 1,250. Konokono wa Ujiji na kitabu hicho vilikuwa katika mji mmoja, mwaka mmoja, na hakuna aliyejua vinahusiana. Nitawarudia hao konokono.

Kwanza nimalize deni. Kibirizi, pale mwaloni Kigoma, kuna mzee ambaye nikipita humkuta anashona nyavu. Mimi niliwahi kufundisha, na mpaka leo huniita mwalimu hata pale anapotaka kunishinda. Siku moja akanisimamisha: "Mwalimu, sokwe wa Gombe ni jirani zetu. Baba aliwakuta, babu aliwakuta. Mbona mpaka leo hajatoka hata mmoja akavaa suruali?"

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, halafu nikagundua kwamba swali lake ni zuri kuliko picha iliyolizaa. Picha yenyewe mnaijua, ile ya kwenye vitabu vya historia: nyuma kabisa sokwe aliyeinama, mbele yake zamadamu mwenye mgongo uliopinda kidogo, mbele zaidi mwingine aliyesimama nusu, mpaka mbele kabisa binadamu amenyooka, ameshika mkuki. Ni foleni. Na mtu yeyote mwenye akili akiona foleni atauliza: hawa wa nyuma zamu yao lini?

Tatizo ni kwamba picha ile imechanganya maswali mawili. La kwanza: je, viumbe hubadilika, na kwa njia gani? La pili: aina moja ya kiumbe huwaje mbili? La kwanza ndilo lenye kelele. La pili ndilo lililowatoa wasomi jasho kwa muda mrefu zaidi, na ndilo lenye jibu la mzee.

Katika karne ya 18 Carl Linnaeus wa Sweden aliwapanga viumbe kwenye makundi na kukipa kila kimoja majina mawili, la kwanza kama la ukoo, la pili lake mwenyewe. Ndiyo maana dagaa wetu, licha ya kuitwa dagaa tangu enzi, kwenye daftari la dunia ni Stolothrissa tanganicae. Kwa Linnaeus, makundi hayo yalikuwa kama masanduku yaliyofungwa tangu siku ya kuumbwa, na kazi ya msomi ni kubandika majina juu yake.

Mwaka 1809 Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck akasema masanduku hayajafungwa, viumbe hubadilika. Wengi wanamkumbuka kwa shingo ya twiga tu, kwamba twiga alijinyoosha kufikia majani na watoto wakazaliwa na shingo ndefu. Lakini jambo linalotuhusu ni jingine. Lamarck aliona uhai kama ngazi. Viumbe duni huzuka chini kila wakati, na kila ukoo hupanda taratibu kuelekea juu. Kwa hesabu hiyo, kiumbe kilicho chini leo kimechelewa kuanza tu, kitafika. Sasa umeona? Ile foleni ya vitabuni ni mtoto wa Lamarck aliyesajiliwa kwa jina la Darwin, na mzee wa Kibirizi alikuwa anambana Lamarck bila kumjua.

Darwin hakuwa na ngazi. Kitabu chake kizima kina mchoro mmoja tu, na mchoro huo ni wa matawi: mstari mmoja unapanda, unapasuka, vijitawi vingine vinakatika njiani, vingine vinapasuka tena. Hakuna aliye mbele wala nyuma. Waliopo leo wote wako ncha za matawi.

Njia ambayo yeye na Wallace waliipendekeza, inayoitwa uchaguzi asilia, huwa naieleza kwa klorokwini. Waliokua kabla ya 2001 hawajaisahau: uchungu wake ulimini, halafu ule mwasho wa ngozi ambao unakufanya ujikune usiku kucha kana kwamba umelala kwenye upupu. Ndani ya damu ya mgonjwa kuna vimelea vya malaria kwa mamilioni, na vinapozaana, kunakili urithi wao hakukosi makosa madogo madogo. Makosa mengi hayana faida. Lakini kikitokea kimelea kimoja ambacho kosa lake linakiwezesha kuitoa klorokwini kwenye kifuko chake cha kumeng'enyea chakula, pale dawa inapofanyia kazi, basi dawa itaua wenzake wote na kukiachia uwanja. Watoto wake watarithi kosa hilo, mbu atawasambaza, na baada ya miaka dawa iliyokuwa inaponya inakuwa ya kuwasha tu. Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikaingia SP, nayo ikachoka, ndipo ikaja dawa ya mseto. Hapana kimelea kilichojitahidi. Hapana kilichojinyoosha kama twiga wa Lamarck. Wengine walikufa, wengine wakazaa, basi.

Ila angalia: kimelea kilibadilika kikabaki kimelea kilekile cha malaria. Hilo ni jibu la swali la kwanza. La pili halijaguswa.

Na hapa Darwin mwenyewe alikwama. Alijua visiwa vina siri. Alipopita Galápagos mwaka 1835 alikusanya ndege wadogo bila hata kuandika vizuri yupi ametoka kisiwa kipi, na ilibidi mtaalamu wa ndege, John Gould, amwambie London mwaka 1837 kwamba wale aliodhani ni wa koo mbalimbali wote ni wa jamii moja, wenye midomo tofauti. Lakini kwa nini matawi yakishaanza kuachana yasiungane tena? Wazazi wawili tofauti wakizaa, mtoto si atakuwa wa katikati? Mwaka 1867 mhandisi wa Scotland, Fleeming Jenkin, alimbana hapohapo: sifa nzuri ikitokea kwa mmoja, itazimuliwa kizazi baada ya kizazi mpaka ipotee. Kijiko cha maziwa kwenye sufuria ya chai ya rangi, nani atakiona?

Jibu lilikuwa limeshachapwa, mwaka 1866, na Gregor Mendel, mtawa wa Brno aliyekuwa akizalisha njegere kwenye bustani ya nyumba ya watawa. Alionyesha kwamba urithi si chai ya maziwa. Ni gunia la maharage mchanganyiko, kama yale yanayoteremka kutoka Kasulu na Kibondo: tikisa utakavyo, jekundu litabaki jekundu, la madoadoa litabaki na madoadoa yake. Sifa inaweza kujificha kizazi kimoja ikaibuka kinachofuata ikiwa nzima. Hakuna aliyemsikiliza mpaka 1900, Mendel keshakufa miaka 16. Baadaye Ronald Fisher, J. B. S. Haldane na Sewall Wright wakaunganisha maharage ya Mendel na uchaguzi wa Darwin kwa hesabu ambazo sitawatesa nazo.

Aliyelishika swali la pili kwa mikono miwili ni Ernst Mayr, Mjerumani aliyekuwa amezunguka New Guinea akisaka ndege. Mwaka 1942 alieleza spishi kwa namna ambayo mpaka leo wanafunzi wa sekondari wanaikariri: ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao na wasiozaana na makundi mengine. Ukishasema hivyo, swali la moja kuwa mbili linageuka kuwa la kawaida kabisa, karibu la kindoa: nini kinawazuia wasioane? Jibu lake, ambalo Mjerumani mwingine, Moritz Wagner, alishalipigia kelele karne ya 19, ni kutengana. Mlima ukikatiza katikati, au mto, au bahari, kila upande unaendelea na makosa yake ya kunakili, na balaa zake, na bahati zake. Wakikutana baada ya miaka mingi, hawatambuani.

Mlima na bahari ni vitu vikubwa. Kinachonistaajabisha ni udogo wa ukuta unaotosha. Kwenye mawe ya ufukwe wa Kigoma kuna samaki wadogo wa jenasi Tropheus, urefu kama wa kiganja, wenye kipaji butu kama cha ng'ombe. Kutwa nzima hukwangua mwani kwenye mawe. Jike hutaga mayai machache tu, makubwa, kisha huyachukua mdomoni na kuyalea humo kama mwezi mzima. Vifaranga wakitoka ni samaki kamili tayari, na huishi kwenye mawe yaleyale ya mama yao. Hawapeperushwi na maji, hawasafiri. Sasa weka mchanga mtupu kati ya mwamba mmoja na mwingine. Kwa Tropheus mchanga ule ni jangwa: hakuna mwani, hakuna pa kujificha, na samaki wakubwa wanasubiri. Mtumbwi wenye injini unapita hapo kwa dakika chache, yeye havuki.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Ukifuata pwani ya ziwa unakuta samaki walewale kwa umbo, ila rangi zinabadilika: huku weusi wenye mshipi wa njano, kule wekundu, mbele rangi nyingine tena. Wanaofuga samaki wa mapambo Ulaya huwaita kwa majina ya mahali walikotoka, kwa hiyo mtu yuko Ujerumani anazungumzia "Ikola" au "Moliro" yake sebuleni. Je, hizo ni spishi mbalimbali au ni moja yenye nguo nyingi? Wataalamu wanabishana, na nadhani ubishi huo ndio ushahidi wenyewe. Ukimkuta mtu katikati ya daraja, usimlazimishe kusema yuko upande gani.

Ziwa nalo halikutulia. Lina kati ya miaka milioni 9 na 12, urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470, na katika zama za ukame uso wake umeshuka kwa mamia ya mita kisha ukapanda tena. Kila lilipofanya hivyo, mawe yaliyokuwa pamoja yalitengana, yaliyotengana yakaungana, karata zikachanganywa upya.

Lakini ukuta ni lazima? Hapo ndipo wafuasi wa Mayr walipopata shida, na shida ilitoka jirani, Ziwa Victoria. Lile lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, na bado leo lina mamia ya spishi za jamii hiihii ya samaki. Muda huo hautoshi kabisa kwa milima kuinuka. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba kinachowatenganisha wengi wao ni macho ya majike: jike wa spishi hii anataka dume jekundu, wa ile anataka la buluu, basi hawachanganyiki ingawa wanaishi mwamba mmoja. Pale maji yalipochafuka kwa matope na mwani, rangi hazionekani, majike wakashindwa kuchagua, na spishi zikaanza kurudi kuwa moja. Tope linaweza kufuta spishi bila kuua samaki hata mmoja.

Na kutofautiana peke yake hakuleti mgawanyiko. Ziwani kwetu yupo samaki anayeishi kwa kunyofoa magamba ya wenzake, Perissodus microlepis. Anavizia kwa nyuma, anachomoka, anang'oa gamba moja au mawili, anatokomea. Mdomo wake umepinda. Baadhi umepinda kulia, wengine kushoto, na kila mmoja hushambulia ubavu mmoja tu. Mjapani Michio Hori aliwafuatilia kwa miaka, na mwaka 1993 akachapisha alichokiona: wa kulia wakizidi, samaki wanaoibiwa hujifunza kulinda ubavu ule, wa kulia wanalala njaa, wa kushoto wananeemeka na kuzaana. Kisha mambo yanageuka. Mizani inacheza nusu kwa nusu, na samaki wote hao, wa kulia na wa kushoto, wanaendelea kuoana wao kwa wao. Aina mbili, spishi moja. Uchaguzi asilia hapa unazuia upande wowote usishinde.

Sasa konokono. Wale wa Speke, na wengine waliofuata, waliwachanganya wasomi kwa sababu hawakufanana na konokono wa maji baridi. Magamba yao ni mazito, yenye mikunjo na vifundo, mmoja hata ana miiba mirefu, yule aliyeitwa Tiphobia horei kwa heshima ya Edward Hore, mmisionari wa Ujiji. Ungedhani umewaokota Bagamoyo. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm akaripoti kuna konyeza ziwani, ule mwavuli wa uteute wa saizi ya sarafu ambao watu wa pwani wanaujua baharini. Mwingereza J. E. S. Moore akaja mara mbili kuchunguza, na mwaka 1903 akatoa hoja tamu sana: Tanganyika ni kipande cha bahari ya zama za dinosaria kilichofungiwa bara, na viumbe hawa ni mabaki yake.

Hoja ilikuwa tamu na ilikuwa na kosa. Msafara wa W. A. Cunnington wa 1904 hadi 1905 ulikusanya viumbe wengi zaidi na ushahidi ukaelekea kwingine: konokono hawa ni wa hapahapa, wa maji baridi, waliogeukia hapa. Waliachiwa nini na bahari? Hawakuachiwa kitu. Wana kaa. Mwaka 1991 watafiti walionyesha kwamba kaa wa Tanganyika wana magando yenye nguvu kupita kiasi kwa kaa wa maji baridi, na konokono wa hapa wana magamba magumu kupita kiasi kwa konokono wa maji baridi. Mwenye gamba jembamba alivunjwa, mwenye gamba nene akazaa, kaa mwenye gando dhaifu akashinda njaa. Ni mashindano ya miaka mamilioni. Ukiokota gamba ufukweni, ligeuze juani polepole. Mara nyingi utaona mstari uliochongoka ukikatiza mikunjo, kisha gamba likaendelea kukua baada yake. Hilo ni kovu. Kaa alijaribu akashindwa.

Mwaka 2021 kikundi cha Walter Salzburger wa Basel, Uswisi, kilitoa kazi iliyosoma vinasaba vya karibu spishi zote za samaki wa jamii ya kina kuhe na Tropheus humu ziwani, kama 240. Karibu wote hawapatikani popote pengine duniani, na wametokana na ukoo mmoja uliogawanyika ndani ya ziwa hilihili. Mti ule wa Darwin umechorwa, wenye matawi halisi. Ila vinasaba vimeleta fedheha kidogo kwa wote, Mayr akiwemo: katika samaki wa maziwa haya, matawi yaliyoachana yameonekana kugusana tena, spishi moja ikachovya urithi wa nyingine. Wengine sasa wanadhani michanganyiko kama hiyo ndiyo iliyowapa samaki wa Victoria mtaji wa kugawanyika kwa kasi ile.

Nilimrudia mzee wa Kibirizi nikiwa na majibu. Nikamwambia sokwe hawapo nyuma yetu kwenye foleni. Babu yetu na babu yao walikuwa kundi moja miaka kama milioni 6 au 7 iliyopita, kundi likapasuka, sisi tukaenda na yetu, wao na yao. Kumngoja sokwe avae suruali ni kumngoja binamu yako awe wewe. Na wao hawakukaa bure: wenzao walioko ng'ambo ya Mto Kongo, upande wa kusini, wametengwa na maji kati ya miaka milioni 1 na 2, na leo ni spishi nyingine, bonobo, ambao majike ndio wenye kauli.

Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Na hao wa ng'ambo," akauliza, "wanavua mchwa kama hawa wetu?"

Alikuwa anazungumzia kile Jane Goodall alichokiona Gombe mwaka 1960: sokwe anachagua ujiti, anauingiza kwenye kichuguu, anautoa umejaa mchwa. Nikamwambia bonobo wa porini ni nadra sana kuonekana wakitumia vifaa kutafuta chakula.

"Basi," akasema, akirudi kwenye wavu wake, "hawa wetu ni wavuvi."